Maumivu ya Panja kwa Wazee: Maneno ya Mkaguzi wa Vyama kwa Makatibu na Wanachama



Mmezoea kunisikia nikitaja upungufu wa mizani na vitabu visivyofungwa kwa wakati. Leo nataja upungufu wangu mwenyewe.

Msimu mmoja uliopita, mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi mwenye umri upatao miaka 70, alikuja kupokea malipo yake ya pamba. Alisema panja zinamwuma tangu wiki mbili, ngozi ya kichwa haivumilii hata kitana, na taya humwuma atafunapo mahindi ya kuchoma mpaka apumzike. Nilimpa aspirini mbili, nikaendelea na hesabu. Siku ya nne jicho lake moja lilizimika, wala halikuona tena.

Ugonjwa ule ni uvimbe wa ateri za kichwa. Kuta za ateri huvimba, njia ya damu ikasongwa, na neva ya jicho ikikosa damu hufa. Huwapata watu waliovuka miaka 50, wanawake zaidi ya wanaume. Kwetu Waafrika hauonekani mara nyingi kama Ulaya ya Kaskazini, ndiyo maana husahauliwa. Pengine huja pamoja na homa ndogo, kukonda, na mabega na nyonga kukakamaa asubuhi. Mzee mwenye maumivu mapya ya kichwa akiona vitu viwili viwili, au jicho likiingia giza kwa kitambo, asingoje kesho.

Hospitali watapima damu, na huenda wakakata kipande kidogo cha ateri ya panja. Lakini daktari akiushuku sana ugonjwa hangoji majibu. Huanza prednisoloni, kwa kawaida miligramu 40 hadi 60 kwa siku. Siku chache tu maumivu hutulia, na hapo ndipo wagonjwa hukosea wakaiacha. Dawa hiyo hupunguzwa na daktari kidogo kidogo, mwaka mmoja, miwili, hata zaidi. Kuikatisha ghafula ni hatari. Nayo hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa. Basi si dawa ya kujinunulia dukani.

Jicho la pili la yule mama lilisalimika. Katibu wa chama chake alimkodia gari usiku ule ule kwa fedha za masurufu, na hati ya malipo ikaandikwa baada ya siku tatu. Nilipofika kukagua niliiona hati hiyo. Sikuiandikia hoja.