Hisa ya Kila Juma
(Mazungumzo na familia za wahami, wenyeji waliowapokea na viongozi wao)

Tunajua kwamba aliyeketi hapa asubuhi hii amekosa kibarua cha leo, basi hatutasema marefu.

Kila tunapouliza mnataka nini, mnajibu: tunataka kurudi kwetu, na tukingali hapa tunataka kuacha kunyoosha mkono. Usalama wa njia ya kurudi hauko mikononi mwetu, wala hatutawadanganya kwamba franka 500 zitanyamazisha bunduki. Lakini hilo la pili tunaweza kulianza hapa.

Kumbukeni Goma. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Mitaa mizima ikabaki jiwe jeusi. Watu walirudi jiwe likiwa bado na joto, wakaanza kulivunja kwa nyundo. Vipande vikawa misingi, kuta na changarawe ya kuuza. Aliyeuza changarawe juma moja alinunua mbao, juma lingine misumari. Kuta hizo nyeusi mnazifahamu, wengine wenu mmelala ndani yake.

Na pesa ni hivyo hivyo. Wengi mnajua likirimba: juma hili wote wanampa mmoja, juma lijalo mwingine. Ni nzuri, ila wa mwisho anangoja sana, na watu wakikimbia katikati ya mzunguko yeye ndiye anayepoteza. Ndiyo sababu tunawaletea kikundi cha akiba na mikopo, kile kinachoitwa AVEC. Mtindo huu shirika la CARE liliuanza mwaka 1991 pamoja na wanawake wa Maradi, nchini Niger, ambao nao hawakuwa na benki.

Watu 15 hadi 25 wanaojuana wanakutana siku ileile kila juma. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia 1 hadi 5. Kasha lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Pesa inahesabiwa mbele ya wote. Mwenye haja anakopa, si zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na faida ndogo anayoongeza inagawanywa mwishoni kufuatana na hisa. Pembeni kuna mfuko wa ugonjwa na msiba.

Watu 25 wakiweka franka 1.000 kila mmoja, kwa majuma 24 ni franka 600.000. Hakuna kati yetu anayeziona kwa siku moja.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo tumeona vikundi vikivunjika. Bei ya hisa isipangwe na mwenye duka. Ipangwe na mama anayepata kidogo kuliko wote, kwa kile anachoweza kuleta hata juma baya. Franka 200 zinazokuja kila juma tunazipenda kuliko 2.000 zinazokuja mara mbili na kukoma.

Aliye na kipande kidogo pembeni ya kibanda aanze na lenga-lenga, inachumwa baada ya majuma matatu au manne. Hiyo inalipa hisa. Baadaye akope, akodi shamba la msimu, apande maharagi, ambayo yanangoja kama miezi mitatu. Viongozi, shamba la kukodi liandikwe: mipaka, bei, msimu, mashahidi. Ugomvi wa mashamba umetuzika wengi katika nchi hii.

Tunaomba wenyeji waingie pia. Kisimani tunasikia: wahami wamemaliza kuni. Na wahami nao: wenyeji wanatulipa nusu ya kibarua. Wanaohesabu pesa pamoja kila juma wanapata mahali pa kuyasema hayo wakiwa wameketi.

Mtauliza: na tukikimbia tena? Swali ni la haki. Februari 2025 kambi za kuzunguka Goma zilivunjwa kwa siku chache, watu wakatawanyika. Mkopo ulio nje unaweza kupotea hivyo. Kwa hiyo tunashauri mzunguko wa miezi sita, si mwaka. Kila mmoja akae na kitabu chake. Kabla ya kuachana, kiasi kilichobaki kasha­ni kisemwe kwa sauti mpaka wote wakikariri. Na mkubaliane mapema jinsi ya kugawana siku ya hatari, pesa isibaki mgongoni mwa mtu mmoja njiani.

Alhamisi saa tatu tutakutana na wanaotaka kuanza, chini ya mwembe karibu na shule. Sisi tutaleta kufuli tatu na vitabu. Kasha mtalitengeneza wenyewe, seremala wawili tumewaona kati yenu. Bei ya hisa ndiyo tutakayojadili kwanza, na mama wataanza kusema.