FIDIA KWA MFANYAKAZI ALIYEACHISHWA KAZI ISIVYO HALALI



Wapo waajiri wanaodhani kwamba mfanyakazi akishalipwa mshahara na siku zake za likizo hana tena dai. Dhana hiyo si sahihi. Hayo ni malipo aliyokwisha kuyatolea jasho. Fidia hulipwa kwa dhuluma ya kukatishiwa ajira bila ya sababu ya haki.

Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, umeweka kipimo: sababu itokane na uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya kazi, na anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujitetea. Ujauzito, maradhi ya muda na uanachama wa chama cha wafanyakazi si sababu. Pale ambapo kumrejesha kazini hakuwezekani, ndipo fidia ya kutosha hutolewa.

Hapa Zanzibar zimetungwa Sheria ya Ajira Namba 11 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1, zote za mwaka 2005. Mfanyakazi ahifadhi mkataba na barua ya kuachishwa, na awasilishe malalamiko mapema. Dai la haki likicheleweshwa huweza kupotea. Mwajiri naye azingatie kuwa kumsikiliza mtu kwanza ni nafuu kuliko kumlipa baadaye.