Laini ya Simu na Mwombaji Hifadhi
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kianjokoma)



Huenda mkauliza, habari za wakimbizi wa Kakuma na Dadaab zatuhusu nini sisi wakulima wa majani ya chai? Twajibu kwamba zatuhusu kwa ajili ya karatasi. Baba zetu walivaa kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma, hata mwaka 1947. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, watu wa Embu, Meru na Kikuyu wakaja kudaiwa pasi, na tangu 1954 wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Baadhi ya wazee walioketi hapa walilelewa humo. Wanajua maana ya kusimamishwa njiani huna hati.

Siku hizi njia yenyewe ni simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 fedha hupita humo, na kwa intaneti huja habari za jamaa na huduma za Serikali. Lakini kanuni zataka kila laini isajiliwe kwa kitambulisho. Mkimbizi aliyekwisha kubaliwa anacho chake, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 yasema kisipungue hadhi ya hati ya mgeni aliyesajiliwa. Aumiaye zaidi ni yule aliye katikati: amevuka mpaka kutoka Kongo au Sudan Kusini, ameomba hifadhi, naye angoja jibu, pengine kwa miaka. Mkononi ana karatasi ya kuonyesha kwamba ameandikishwa, nayo mara nyingi haitoshi kusajilia laini.

Basi hutumia laini yenye jina la mtu mwingine. Ndugu zake wakimpelekea fedha, katika hesabu za kampuni fedha hizo ni za mwenye jina. Wakikosana, hana pa kushtaki. Na laini ikifungwa, hupotea pia ile namba aliyoiacha ofisini ili aitwe kwa mahojiano. Hilo latusikitisha kuliko yote, maana mahojiano hayo ndiyo yangempatia kitambulisho.

Mwaka 2024 wakimbizi na waombaji hifadhi nchini walizidi 800,000. Wako wanaosema dawa ni kuongeza minara. Minara ni mizuri, nasi hatuipingi. Lakini mnara haumwulizi mtu jina lake. Aulizaye ni mwenye duka la laini.

Kwa hiyo halmashauri yawaomba wanachama wenye maduka hayo wasimfukuze mtu aletaye kitambulisho cha mkimbizi kwa sababu tu hawajapata kukiona. Tena tumeandika barua kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi, kuomba karatasi ya mwombaji hifadhi ikubaliwe kusajilia laini moja kwa jina lake mwenyewe. Barua iko mezani kwa Karani, yangoja sahihi za wazee.