Saa Nane ya Nani? Maana Iliyofichika Katika Kurasa za Mtandao

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya mtayarishaji wetu wa vipindi anayeishi Märsta, Uswidi.



Mji ninaokaa unaitwa Märsta. Ni mji mdogo ulioko kaskazini ya Stockholm, karibu na uwanja wa ndege wa Arlanda, na ndiko zinakokomea baadhi ya treni za abiria zitokazo mji mkuu. Mwezi wa Februari mwaka 2017, sisi Waswahili wachache wa hapa tulifiwa na mzee wetu mmoja, nami nikapewa kazi ya kuandika tangazo la hitima katika ukurasa wetu wa mtandao. Kwa kuwa kutangaza ndiyo kazi yangu, sikuona uzito wowote. Nikaandika kwamba hitima itasomwa Jumamosi, saa 8:00 mchana, katika ukumbi wa hapahapa Märsta.

Jumamosi ilipofika, binti wa mdogo wake marehemu, aliyezaliwa na kukulia Uswidi, aliwasili kwa treni kutoka Uppsala kabla ya saa mbili asubuhi. Aliukuta mlango wa ukumbi umefungwa. Akasimama katika theluji kwa muda mrefu, kisha akarudi zake, kwani zamu yake ya kazi ilikuwa ianze adhuhuri. Jioni akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba," aliniambia. "Si mliandika nane? Niliigusa ile saa kwenye ukurasa, simu ikaiweka katika kalenda, nane asubuhi. Nami nikaja nane."

Sikuwa na la kumjibu. Hitima ya baba yake mkubwa ilikuwa imekwisha kusomwa, naye hakuwapo.

Simu yake haikuwa na hatia. Iliiona tarakimu 8, ikaichukua kama ilivyo. Haikujua kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza, wala kwamba nane yetu ya mchana ni kumi na nne ya Mswidi. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeandika saa bila ya kuieleza mashine kwamba hiyo ni saa ya nani.

Wasikilizaji, kila ukurasa wa mtandao una maandishi ya namna mbili. Yapo tunayoyasoma kwa macho, na zipo alama zilizofichwa nyuma yake, za lugha iitwayo HTML, zinazoieleza kompyuta namna ya kuyapanga: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hili ni neno la kukolezwa wino. Lakini kwa muda mrefu alama hizo hazikusema kwamba hili ni jina la mtu, hii ni anwani yake, na hii ndiyo saa ya kuanza shughuli. Binadamu huyatambua hayo mwenyewe. Mashine hubahatisha.

Wenye umri wangu watayakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Yalikuwa na mpango wake maalumu: nani anasikitika kutangaza kifo, ni kifo cha nani, kimetokea wapi, mazishi yatafanyika lini, na mwishowe, habari ziwafikie fulani na fulani, popote pale walipo. Mtu aliyeisikia redio ya jirani kwa mbali aliweza kujua, kwa mpango ule tu, iwapo jina lililotajwa ni la marehemu ama la mfiwa. Hata hapa nilipo, katika manispaa ya Sigtuna, yamesimama mawe ya kumbukumbu ya karne ya 11 yaliyochongwa maandishi ya kale ya runi, na mengi yanafuata mpango mmoja: fulani alilisimamisha jiwe hili kwa kumkumbuka fulani, baba yake. Jiwe likimeguka, mtaalamu huweza kukisia kilichopotea, kwa sababu mpango anaujua.

Maikrofomati ni wazo hilohilo lililopelekwa katika mtandao. Mnamo mwaka 2003 Tantek Çelik, Eric Meyer na Matthew Mullenweg walitoa utaratibu uitwao XFN, wa kuonyesha ndani ya kiungo kwamba mtu anayeelekezwa ni rafiki, ni jamaa ama ni mfanyakazi mwenzio. Baadaye ikaja hCard kwa ajili ya majina na anwani, na hCalendar kwa ajili ya shughuli na nyakati zake. Mwezi wa Juni mwaka 2005 ikafunguliwa tovuti ya microformats.org. Waanzilishi hao hawakubuni lugha mpya. Walizichukua alama za HTML zilizokuwapo, wakakubaliana juu ya majina ya kuzipachika, na majina yenyewe wakayaazima kutoka vCard na iCalendar, kanuni zilizokuwa zikitumiwa tayari na programu za anwani na kalenda.

Je, nguo hiyo iliyokatwa na wengine inatutosha sisi? Kwa sehemu, naam. Katika hCard pana nafasi ya sanduku la posta, nasi ambao kwa miaka mingi tumeishi kwa S.L.P. twaweza kujitambulisha humo bila taabu. Upande wa majina, hali ni tofauti. Kanuni ya kwanza ya hCard ilisema kwamba jina la maneno mawili likiachwa bila maelezo zaidi, neno la kwanza lihesabiwe kuwa jina la mtu, na la pili jina la ukoo. Sasa mchukueni Juma Hamisi. Hamisi si ukoo wake, ni baba yake. Mwandishi aliruhusiwa kueleza vingine, lakini asipoeleza, mashine ilimwandikia Juma ukoo asiokuwa nao.

Na wakati ndio wenye mitego mingi zaidi. Wazee wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa, huwa wanakusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa siku yao huanza jua linapotua. Mswidi naye huweza kukuambia mkutane juma la 6, akihesabu majuma tangu mwanzo wa mwaka. Aidha, Afrika Mashariki hairudishi saa nyuma wala kuipeleka mbele, ilhali Uswidi hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo kipindi cha saa mbili usiku Nairobi husikika hapa saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi, na saa moja usiku wakati wa kiangazi.

Dawa yake ni kumwandikia binadamu kwa lugha yake, na kumfichia mashine wakati huohuo kwa kanuni ya kimataifa: mwaka, mwezi, siku, saa, na tofauti yake na saa ya dunia. Tangazo langu lingebaki saa nane mchana kwa msomaji, na nyuma yake ningeandika 2017-02-11T14:00+01:00. Hapo hapana wa kukosea.

Hata hivyo, kuficha nako kuna adabu yake. Mwezi wa Juni mwaka 2008, BBC ilitangaza kuiondoa hCalendar katika kurasa za ratiba ya vipindi vyake. Sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba programu zinazowasomea watu wasioona zingetamka ule mfuatano wa tarakimu mahali pa saa ya kawaida. Yaliyokusudiwa mashine yangeishia masikioni mwa mtu. Mwaka uliofuata wana maikrofomati walitoa njia nyingine ya kuiandika tarehe, na baadaye HTML yenyewe ikapata alama maalumu ya wakati, iliyomo katika toleo la tano lililoidhinishwa mwaka 2014.

Leo makampuni makubwa ya utafutaji yanapendelea msamiati wa Schema.org, ulioanzishwa mwaka 2011 na Google, Microsoft na Yahoo. Maikrofomati zimebaki zaidi kwa watu wanaojiendeshea tovuti zao wenyewe. Jina la utaratibu si hoja. Hoja ni kwamba mashine itayasoma maneno yetu tutake tusitake, na pale tusipoieleza maana, itatupa maana ya wengine.

Tulipotangaza arobaini ya mzee, niliandika saa zote mbili, ya kusomwa na ya kufichwa. Binti yule alifika mapema, akasaidia kutandika mikeka. Lakini hitima ile ya kwanza hairudi.