Chaneli 30 Zikijaa: Kufuatilia Simu Zinazoingia kwenye Laini ya Kidijitali

Mada kwa semina ya wasimamizi wa swichibodi, Kariakoo, Dar es Salaam



Nimeombwa nianze na maana za maneno, nitazipita haraka. Laini ya E1 hubeba kilobiti 2,048 kwa sekunde katika nafasi 32: 30 za mazungumzo, moja ya usawazishaji na moja ya ishara. Kufuatilia ni kuhesabu: simu imeingia lini, imeshika chaneli ipi, imeachia lini na kwa nini. Kusikiliza mazungumzo ya watu ni jambo jingine, na sheria ya mawasiliano ya 2010 haichezewi.

Sasa tatizo lenyewe. Kila mwezi ripoti hupanda kwa bosi, na kila mwezi bosi huuliza: "Mbona chaneli nne ziko wazi? Laini ya pili ya nini?" Ripoti haidanganyi, ila simu zilizokosa njia haikuziona. Chaneli 30 zikijaa, simu ya 31 hurudishwa hukohuko kwenye mtambo wa mtoa huduma. Mteja anasikia bize. Swichibodi yetu haiandiki kitu.

Chukua simu 600 kwa saa, kila moja ya dakika tatu. Kwa kanuni aliyoichapisha Mdenmark Agner Krarup Erlang mwaka 1917, simu kama 80 hukataliwa, na zinazopita hushika wastani wa chaneli 26. Nne zinazobaki ndizo zile "zilizo wazi" za bosi! Ukitaka kupoteza simu moja tu katika mia, laini hiyo inamudu simu 400 hivi kwa saa.

Na Kariakoo mzigo hauji sawasawa. Duka la jumla la Mtaa wa Kongo hupigiwa asubuhi na wateja wa Mbeya, Lubumbashi au Lilongwe wanaotaka bei kabla ya kutuma hela. Mteja akikuta bize hasubiri. Anampigia jirani mwenye kitenge kilekile. Ukizigawa simu za asubuhi kwa saa 24, laini inayofurika itaonekana imelala.

Mapendekezo

Ripoti zionyeshe saa ya kilele, si wastani wa siku. Zihesabiwe dakika ambazo chaneli zote 30 zilishikwa kwa pamoja. Mtoa huduma aombwe kwa barua hesabu ya simu alizozirudisha. Simlaumu yeyote, lakini "tunalifanyia kazi" si jibu la mwaka mzima. Simu zinazotoka ziwekewe kikomo asubuhi. Namba za wateja zitunzwe kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyotaka. Mkataba mpya utaje hesabu ya simu zilizorudishwa, narudia makusudi. Wastani wa siku usipelekwe tena kwa bosi peke yake. Na kabla ya kununua laini ya pili, zikaguliwe chaneli zilizoganda baada ya umeme kukatika: hazipokei simu, na bado zinalipiwa.