Hojaji za Malipo: Nani Humlipa Nani?



Nimeombwa niseme juu ya ule ujumbe wa simu: "Jaza hojaji, ulipwe kila siku." Mjukuu wangu alitoa shilingi 50,000 za nauli ya muhula ili apandishwe daraja. Siku tatu alilipwa kidogo, naye akawaingiza rafiki zake wawili wa hapa Mchafukoge. Siku ya nne simu haikupokelewa. Pesa zimekwenda, na rafiki hawamsemeshi.

Mchezo huu si mpya. Katika DECI, iliyofungwa mwaka 2009, watu "walipanda mbegu". LBL, ambayo mwaka 2025 iliwafikisha watu polisi, ilitaka kiingilio na kuahidi malipo kwa kutazama matangazo. Yale malipo ya mwanzo ni chambo, nayo hutoka mifukoni mwa wanaoingia nyuma yako.

Mtafiti wa kweli hadai hata senti. Karani wa sensa ya mwaka 2022 alikuja na kitambulisho, akauliza, akaenda zake. Mtafiti kutoka nje ana kibali cha COSTECH, wa chuo ana barua ya chuo chake. Atakueleza anachotafuta na kukuomba ridhaa, ukikataa, basi. Hujafika miaka 18, mzazi naye ataulizwa. Malipo, yakiwapo, ni nauli au soda. (Mimi nilihojiwa saa mbili nzima, nikapewa soda moja, tena ya moto!) Namba yako ya siri haimhusu kabisa.

Mwenye ujumbe wa namna hiyo aje nao baada ya chakula, tuusome pamoja.