Vitabu Vyenye Faida kwa Mfanya Kazi
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya Kitale na Bungoma



Tumepewa nafasi tuseme juu ya vitabu. Sisi tunaosema hapa ni watu wa gengi la njia. Kazi yetu ni mataruma, kokoto na nyundo, na elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni. Hatukuja kuwafundisha walimu. Lakini jambo hili limeleta maneno tangu mkutano uliopita, na si vizuri maneno yazunguke vibandani bila kusemwa mbele ya watu.

Hoja ni hii. Iko akiba kidogo katika mfuko. Baadhi yetu twataka inunue sanduku la vitabu, liwe likikaa Bungoma mwezi mmoja na Kitale mwezi mmoja. Wengine wamepinga, nao wana haki ya kupinga. Wamesema fedha ya chama ni ya matanga, ya wagonjwa na ya kesi. Ndugu mmoja akaongeza kwamba kama ni lazima kununua vitabu, basi vinunuliwe vya sheria tu, maana hadithi ni mambo ya watoto. Neno hilo la pili ndilo tutakalolijibu kwa urefu, kwa sababu hata miongoni mwa wale wanaolitaka sanduku wako wenye mawazo hayo hayo.

Sheria ni lazima iwemo, hapo hatubishani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba mwajiri akitaka kumwachisha mtu kazi kwa ajili ya utovu wa nidhamu, au kwa kutofanya kazi vizuri, au kwa kuwa mwili wake hauwezi tena, hana budi kwanza kumweleza sababu kwa lugha anayoifahamu. Na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama, wakati wa maelezo hayo. Ni wangapi hapa waliopata kukisoma kifungu hicho kwa macho yao wenyewe? Kusikia si kusoma.

Twamjua mtu mmoja, mfanya kazi wa kampuni tusiyoitaja, aliyeitwa ofisini akapewa karatasi ya Kiingereza atie sahihi. Alifuatana na mwenzake. Yule mwenzake akasema kwa adabu, bila kupandisha sauti, ‘Twaomba tusomewe kwa Kiswahili kwanza, ndivyo sheria isemavyo.’ Wakubwa wakatazamana. Ilipotafsiriwa ikaonekana kosa limeandikwa kuwa lilitendeka siku ambayo yule bwana alikuwa likizo. Karatasi ikarudi katika faili, na yeye akarudi kazini.

Sasa sikilizeni vizuri. Yule mwenzake hakuanza na sheria. Alianza na Bwana Msa.

Vijana pengine hamumjui Bwana Msa. Ni mpelelezi wa Unguja katika hadithi za Muhammed Said Abdulla, mtu wa kiko na mawazo, anayetazama vitu vidogo ambavyo wengine wamevipita. Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilipata ushindi katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958, kikachapwa mwaka 1960. Mwenzetu alikipata kwa mkopo, kimechanika jalada, akakisoma usiku kucha kwa taa ya chemli. Akakitafuta kingine, Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968. Mtu aliyezoea kumfuata Bwana Msa kurasa mia na zaidi, akikumbuka nani alisema nini na saa ngapi, haogopi kurasa kumi za sheria. Naye atazame tarehe ya karatasi kama Bwana Msa anavyotazama unyayo mlangoni! Hadithi ndiyo iliyompa pumzi. Mkimnunulia mtu sheria tupu, mtu ambaye hajasoma kitabu kizima tangu atoke shule, ataifungua mara moja, kisha itakuwa ya kufunikia sufuria.

Kwa hiyo twasema sanduku liwe na vitabu vya namna nyingi, kwa maana hamjui ni mlango upi utakaomwingiza mtu.

Mambo haya si mageni. Zamani, Halmashauri ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa ikituma masanduku ya vitabu mashambani, na wengine wakiletewa vitabu kwa posta. Hiyo hiyo ndiyo iliyoandaa yale mashindano aliyoshinda Muhammed Said Abdulla. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mambo ya Halmashauri yaligawanyika, na huku kwetu ikabaki Kenya Literature Bureau. Na hapa Kitale, tangu 1926, mwaka ule ule reli ilipofika, bwana mmoja aitwaye Stoneham alikuwa akikusanya wadudu, ndege na vitabu. Aliwachia taifa mali hiyo yote, na Makumbusho ya Kitale yakafunguliwa mwaka 1974. Kama mtu mmoja aliweza kukusanya namna hiyo, je, matawi mawili?

Sasa tutaje vitabu vyenyewe, vile tulivyovisoma au kusomeana kibandani. Tutakaa zaidi kwa vichache.

Cha kwanza ni cha nyumbani. Ken Walibora alizaliwa upande wa Bungoma, akakulia Cherangani karibu na Kitale. Hayati huyo alifariki Nairobi mwezi wa Aprili, mwaka 2020. Alikuwa mtangazaji na mwalimu wa chuo kikuu, lakini sisi twamwita mtu wetu. Riwaya yake Siku Njema ilitoka mwaka 1996. Yasimulia habari za kijana Kongowea, aliyelelewa Tanga, akafiwa na mama, akasafiri mbali kumtafuta baba yake, na safari hiyo yamfikisha pande hizi za Kitale. Ndugu zetu, mnajua ni jambo gani kufungua kitabu cha Kiswahili safi na kukuta jina la mji ambako wewe unanunua sukari? Mzee mmoja wa gengi letu aliposikia tukisoma neno ‘Kitale’ alitusimamisha, akataka lirudiwe. Tukalirudia. Tangu siku hiyo huuliza kila jioni kama kijana amekwisha kumwona baba yake. Walibora aliandika pia habari za maisha yake mwenyewe katika Nasikia Sauti ya Mama, na mwenye kutaka kujua maisha ya mtoto maskini wa Cherangani asiache kukitafuta.

Kitabu chake kingine, Kidagaa Kimemwozea, kilikuwa cha mtihani wa sekondari miaka ya nyuma, na watoto wengi walikinywa kama dawa ya minyoo. Wakiulizwa leo wanasema, ‘Ah, kile tulikimaliza.’ Sisi tulioishia shule ya msingi tuna bahati katika hilo: hakuna aliyetutahini. Twakisoma kwa sababu kina utamu, na kwa sababu kina mtawala ambaye kila mmoja wetu anadhani amepata kumwona mahali fulani.

Cha Shaaban Robert tutataja Kusadikika, cha mwaka 1951. Mwandishi huyo, mzaliwa wa Tanga, alikuwa karani wa Forodha miaka mingi, mtu wa mshahara kama sisi. Katika kitabu hicho Karama ameshitakiwa kwa sababu amefundisha watu habari ya sheria. Anapewa nafasi ya kujitetea, naye hatukani wala halii. Anawasimulia wakubwa habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali wakaleta mema, wakalipwa kifungo. Kiswahili chake ni kizito mahali pengine, twakiri, na ukurasa wa kwanza huchosha. Lakini ndugu zetu mnaokwenda mbele ya wakubwa kuwasemea wenzenu, msomeni Karama. Someni jinsi anavyosubiri, na jinsi asivyosema yote siku ya kwanza.

Mashairi wengi huyakimbia. Basi waanze na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika karatasi ya kuuliza Kenya yaelekea wapi, akafungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972. Gerezani aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni. Yalichapwa mwaka 1973, na mwaka 1974 kitabu kikapewa tuzo yenye jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga! Hayo si mashairi ya kupamba harusi. Maneno mengine ni ya Kimvita na yatawashinda watu wa bara, nasi yalitushinda. Kwa ajili hiyo twaomba Kamusi ya Kiswahili Sanifu iwemo sandukuni, ile iliyotoka kwanza mwaka 1981.

Mchezo wa kuigiza uwe Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui, wa mwaka 1981, habari za wafanya kazi wa shamba na mgomo wao, na kiongozi wao ni mwanamke, Lanina. Mwandishi aliwekwa kizuizini mwaka uliofuata. Mchezo huu usisomwe na mtu mmoja kitandani. Wagawane watu, huyu awe bwana shamba, huyu awe Lanina. Dada zetu wa Bungoma wamekwisha kutuambia kwamba Lanina hatapewa mwanamume. Juliasi Kaizari, aliotafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963, tutaufikia baadaye.

Historia ina shida moja: vingi ni vya Kiingereza. Hata hivyo Makhan Singh hana budi kuwemo. Kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanya kazi vya Kenya mpaka mwaka 1952 kilichapwa mwaka 1969. Huyu alizuiliwa na serikali ya kikoloni tangu 1950 hadi 1961 kwa ajili ya kazi ya chama. Ni kitabu kikavu, kimejaa tarehe na maazimio, wala hatutawadanganya kwamba kina utamu wa Bwana Msa. Lakini humo mna mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, ambao watu wa reli na wa bandari walisimama pamoja. Twapendekeza wanaojua Kiingereza wasome kurasa chache kila juma na kuwasimulia wengine. Vivyo hivyo kitabu cha Makila cha historia ya Wabukusu, cha mwaka 1978, na cha Gideon Were juu ya Waluhya, cha 1967. Wazee wa Bungoma watavibishia, na hapo ndipo vitakapoonekana faida yake.

Na kiwemo Mahali Pasipo na Daktari, kilichoandikwa kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya watu wa milimani huko Mexico. Gengi likiwa mbali na zahanati, na mtu akiumwa na nyoka au akipondwa kidole, kitabu hicho chafaa kuliko kelele.

Mtatuuliza, vitabu vingine tutavijuaje, maana maduka ya miji yetu miwili huuza zaidi vya shule? Sisi hufanya hivi. Twapita kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba, hatutazami jalada. Twafungua katikati na kusoma ukurasa mmoja tumesimama. Tukitaka kujua kinachofuata, twauliza bei. Twamuuliza pia mtu anayechelewa kurudisha kitabu, kwa sababu kitabu kinachocheleweshwa mara nyingi ni kizuri. Na wawili wakikigombania, mmoja akikisifu na mwingine akikilaani, hicho twakitafuta kwanza. Tusinunue kwa sababu muuzaji amesema kila kiongozi mkubwa hukisoma. Vile vya kuahidi utajiri kwa siku thelathini tumeviona, na aliyetajirika ni mwandishi.

Juu ya matanga na wagonjwa, hatutaki senti moja iguswe. Fedha tunayoiomba ni ile ya sherehe ya mwisho wa mwaka, na hata hiyo nusu yake tu. Nyama italiwa, lakini mbuzi atakuwa mmoja badala ya wawili.

Mpango ni huu. Fundi seremala wa tawi la Bungoma amejitolea kutengeneza sanduku lenye kufuli, mbao tumekwisha kupata. Kila tawi litachagua mtunzaji mmoja na daftari moja. Kitabu kitakaa kwa mtu majuma mawili. Akitaka zaidi aje aandikishe tena, ila kama kuna anayekingoja. Anayekipoteza atalipa au ataleta kingine cha namna hiyo hiyo. Wasiojua kusoma wana haki sawa na wanaojua: kila Jumatano baada ya kazi kutakuwa na mtu wa kuwasomea kibandani, na watu watatu wamekwisha kuandika majina yao. Sanduku litasafiri kwa gari la abiria kupitia Webuye kila mwisho wa mwezi, pamoja na mwanachama mmoja anayekwenda kwa shughuli zake.

Bwana Mwenyekiti, hoja iko mezani. Twaomba wanaokubali wainue mikono, na wanaokataa pia, na Bwana Katibu aandike hesabu zote mbili.